MATEMBEZI YA SIKU MBILI KATIKA MJI MKONGWE WA UNGUJA

Wengi wetu tumesikia habari za mji wa Unguja tangu tulipokuwa watoto wadogo. Tumesikia habari za karafuu, za masultani, za majahazi yajayo kwa pepo za kaskazi na kurudi kwa kusi. Lakini mtu akipata siku mbili tu za kuuona mji huo, mara nyingi huzimaliza penye mambo yale yale yaonwayo na kila mtu: hukaa Forodhani akitazama bahari, huingia Ngome Kongwe, hununua kanga au viungo, kisha hupanda meli akarudi kwao. Akiulizwa ameona nini, husema, "Nimeona mji wa mawe." Basi leo twataka kueleza jinsi mtu mwenye siku mbili tu, na fedha kidogo, awezavyo kuuona mji ule kwa macho ya kujifunza, akipita katika pembe zisizopitwa na wageni wengi. Tena twataka kueleza kwa nini jambo hili lafaa kufanywa mapema, wala lisiahirishwe.

Majina ya mitaa ni ramani

Mji Mkongwe umejengwa juu ya rasi, na vichochoro vyake ni vyembamba, vimepindapinda kama mizizi ya mkoko. Mgeni hupotea upesi. Lakini kupotea huko si hasara, maana rasi ni ndogo. Mtu akienda mbele atatokea ama baharini ama kwenye barabara kuu, na kutoka Forodhani hata Darajani ni mwendo wa robo saa hivi. Ajuaye Kiswahili ana ramani tayari mdomoni mwake, maana majina ya mitaa yamwambia mahali palikuwa nini. Forodhani ndipo palipokuwa forodha, mahali pa kutozea ushuru wa bidhaa. Hamamni ni penye hamamu, nyumba ya kuogea. Sokomuhogo palikuwa soko la muhogo. Mkunazini ni penye mkunazi. Na Darajani ni penye daraja.

Lakini daraja liko wapi? Mgeni akisimama Darajani leo haoni maji wala daraja. Aona barabara pana, magari, na soko kuu lililojengwa mwaka 1904. Hapo ndipo pa kuanzia matembezi yetu. Zamani mkono wa bahari uliingia mahali hapa, ukautenga Mji Mkongwe na upande wa mashariki. Maji yalipojaa, upande wa mawe ulikuwa karibu kisiwa. Watu walivuka kwa daraja, na upande wa pili ukaitwa Ng'ambo, yaani ng'ambo ya maji. Baadaye, katika karne ya 20, maji yale yalifukiwa kidogo kidogo hata yakawa nchi kavu. Maji yamekwisha, daraja limekwisha, lakini majina mawili yamebaki, nayo yatuambia kwamba mji huu ulikuwa miji miwili: mmoja wa mawe, na mmoja wa udongo, miti na makuti.

Yafaa tukumbuke jambo hili kabla hatujaingia vichochoroni. Vitabu vingi husifu upande wa mawe tu. Lakini wapishi, wachukuzi, mafundi, wavuvi na wafua nguo waliouendesha mji ule, wengi wao walilala Ng'ambo. Na Ng'ambo ndipo alipokaa Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa Fumba katika nyumba ya kimaskini, akafinyanga vyungu na kuvitembeza akiuza, kisha akaja mjini akajifunza kuimba. Kabla yake taarabu ya nyumba za wakubwa ilikuwa ya Kiarabu. Yeye aliiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 sauti yake ilichukuliwa katika sahani za santuri kule Bombay. Aliimba habari za watu wa kawaida, hata mambo ya mahakamani, na waungwana wa upande wa mawe wakamwita akaimbe kwao. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Mtu akivuka barabara ile, akatembea Ng'ambo hata Michenzani penye majumba marefu yaliyojengwa baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, atakuwa ameiona nusu ya mji ambayo wageni wengi hawaioni.

Nyumba ya mawe hujengwaje

Sasa tuingie upande wa mawe. Usiende upesi. Tafuta nyumba iliyobanduka lipu ukutani, uitazame kama daktari amtazamavyo mgonjwa, maana penye jeraha ndipo waonapo ndani.

Utaona mawe ya matumbawe, meupe, yenye matundu matundu, yamepangwa katika udongo mwekundu uliochanganywa na chokaa. Chokaa yenyewe hutokana na mawe yale yale, yaliyochomwa kwa magogo mengi hata yakawa unga. Ukuta ni mnene, kadiri ya futi 2, nao huzuia joto la mchana. Juu ya kuta hulazwa boriti, na boriti ni miti ya mikoko iliyoletwa kwa majahazi kutoka Rufiji na pande za Lamu. Juu ya boriti hupangwa mawe, kisha chokaa hupondwapondwa mpaka ikawa sakafu.

Hapa pana siri moja ambayo mwanafunzi aweza kuigundua mwenyewe. Ingia katika nyumba yo yote ya kale iliyo wazi kwa watu, upime chumba kwa hatua zako. Utakiona kirefu, lakini chembamba, upana wake futi 10 au zaidi kidogo. Kwa nini tajiri aliyeweza kununua mazulia ya Uajemi na vioo vya Ulaya akae katika chumba chembamba? Ni kwa sababu ya boriti. Mkoko ulionyoka haupatikani mrefu kuliko kadiri fulani, na ukiwa mrefu huinama kwa uzito wa sakafu. Basi mti wa kinamasi cha Rufiji ndio uliotoa amri ya upana wa chumba cha tajiri wa Unguja. Mambo ya nchi moja hufungamana hivi na mambo ya nchi nyingine, hata mahali ambapo hatudhani.

Nje ya nyumba kuna baraza, kiti cha mawe kilichounganishwa na ukuta. Baraza si pambo. Ni mahali pa kupokea mgeni asiyeweza kuingia ndani kwa watu wa nyumba, ni mahali pa kuuza na kununua, pa kucheza bao, pa kusikiliza habari. Na mvua kubwa ikigeuza kichochoro kuwa mto, baraza huwa njia ya kupita kwa miguu mikavu. Ukiwakuta wazee wameketi, toa salamu kwanza. Mwambie mzee "Shikamoo," ungoje marahaba yake, ndipo uulize njia. Mzee mmoja wa barazani aweza kukufundisha katika nusu saa mambo ambayo hukuyapata katika kitabu kizima. Wala usimpige mtu picha bila ya idhini yake, maana vichochoro vile ni makao ya watu.

Milango nayo ni kitabu. Tazama kwanza sehemu zake: kizingiti cha chini na cha juu, miimo miwili ya kandoni, na mfaa, ndio ubao uliosimama katikati pale mbao mbili za mlango zikutanapo. Milango ya mtindo wa Kiarabu juu yake imekatwa sawasawa kwa mraba, na nakshi nyingi ziko katika kizingiti cha juu na miimo. Milango mingine ina tao juu, nayo yaonyesha mkono na mapenzi ya Wahindi, hasa watu wa Gujarat waliokuja kwa biashara. Misumari mikubwa ya shaba nayo asili yake ni desturi ya India. Kwa hiyo mtu aweza kusimama mahali pamoja katika kichochoro, akaona Arabuni upande wa kuume, na Bara Hindi upande wa kushoto, na mafundi wa Kiswahili waliozichonga zote mbili.

Maji na hamamu

Pembe ya pili tutakayoitazama ni Hamamni, katikati ya mji. Hapo pana nyumba ya kuogea iliyojengwa kwa amri ya Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, kwa mfano wa hamamu za Kiajemi. Kabla ya kutawala, Barghash aligombana na nduguye Majid juu ya ufalme, akapelekwa Bombay akakaa huko kwa muda. Aliona mji mkubwa wenye mambo mapya, na alipopata ufalme alitaka kuyaleta mengine kwao.

Wageni huitazama hamamu kwa ajili ya vyumba vyake na mifereji ya moto iliyopita chini ya sakafu. Sisi twapenda watu wafikiri zaidi juu ya maji yenyewe. Mji ule wa watu wengi ulikuwa ukinywa maji ya visima vilivyochimbwa karibu na makaburi na vyoo, na maradhi yaliuvamia mara kwa mara. Barghash aliyaleta maji safi kwa mfereji kutoka katika chemchemi za upande wa Bububu, kaskazini ya mji, yakafika hata mjini watu wakayateka. Wengi hulikumbuka jina lake kwa ajili ya jumba la Beit al-Ajaib alilolijenga mwaka 1883. Lakini tukipima kwa kipimo cha watoto walioponea homa ya tumbo, mfereji ule ulikuwa ajabu kubwa kuliko jumba.

Malindi, mnara usio wa kawaida

Kutoka Hamamni, nenda kaskazini mpaka Malindi, karibu na bandari ya majahazi. Mgeni aliyezoea picha za misikiti ya Misri au Uturuki hushangaa kuona kwamba misikiti mingi ya kale ya Mji Mkongwe haina minara. Waweza kupita mbele ya mmoja usijue kwamba ni msikiti, ila kwa viatu vilivyo mlangoni. Watawala walikuwa Waibadhi, na Waibadhi hupenda msikiti usiwe na mapambo mengi. Lakini huko Malindi uko msikiti wa Sunni wenye mnara mnene chini na mwembamba juu, umbo lake kama pia iliyopinduliwa, na juu yake pana mistari ya nakshi iliyopindapinda. Minara ya namna hii ni michache sana katika pwani yetu yote. Asiye Mwislamu na autazame kwa nje, kwa adabu, na saa ya sala asisimame mlangoni akawazuia watu.

Mkunazini, mahali pa machozi

Siku ya pili, asubuhi, nenda Mkunazini. Mahali hapa wageni wengi hufika, lakini wengi hupita mbio. Sisi twasema mtu apape saa mbili nzima.

Hapa palikuwa na soko la watumwa. Watu wa Kiyao, Kinyasa, Kizaramo, Kinyamwezi na wa makabila mengine walioletwa kutoka bara waliuzwa hapa kama mbuzi. Mwezi wa Juni 1873 Barghash, akishurutishwa na Waingereza waliokuwa tayari kuuzuia mji kwa manowari zao, alitia sahihi mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa ya baharini na kufunga masoko yake. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mahali pa soko. Mjenzi wake, Askofu Edward Steere wa misheni ya U.M.C.A., alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu. Ndani ya kanisa umo msalaba uliochongwa katika mti wa Chitambo, kule ambako moyo wa David Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu watano waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya fundi mwanamke wa Sweden, Clara Sörnäs, iliyowekwa mwaka 1998.

Lakini mwanafunzi asidhani kwamba utumwa uliisha siku ile ya 1873. Kilichofungwa ni soko. Utumwa wenyewe uliendelea mashambani na majumbani, na hukumu ya kuuondoa katika sheria ya Unguja haikutoka mpaka mwaka 1897; hata hapo masuria waliachwa nje, wakangoja mpaka mwaka 1909. Miaka 24, kisha 12 tena: mtoto aliyezaliwa mtumwa mwaka ule wa mapatano aliweza kuwa mtu mzima mwenye watoto kabla sheria haijamfikia. Hili ni jambo la kukumbukwa kila tusomapo katika kitabu kwamba neno fulani "lilikomeshwa" mwaka fulani.

Karibu na kanisa wageni huonyeshwa vyumba viwili vya chini, vyenye giza na dari fupi, wakaambiwa kwamba watumwa walifungiwa humo. Wako wanahistoria wasemao kwamba jengo la juu lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, na kwamba vyumba vile vilikuwa vya kuwekea vitu. Hatulisemi jambo hili ili kupunguza uchungu wa mahali pale. Watu waliuzwa pale, hakuna ashukuye. Twalisema kwa sababu msiba wa kweli hauhitaji kupambwa. Mwanafunzi mwema huuliza, "Tumejuaje?" nalo ni swali la heshima kwa wafu, maana latafuta habari zao wenyewe badala ya hadithi tulizowatungia.

Habari zao wenyewe zapatikana. Misheni ile ilipokuja Unguja mwaka 1864, wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotolewa katika mikono ya wauzaji na Sultani Majid. Wengine wengi walifuata, wakasoma Kiungani, nje kidogo ya mji, na wasichana wakasoma Mbweni, kusini, ambako mpaka leo magofu ya shule yao yapo kati ya miti. Wavulana wa Kiungani waliandika wenyewe jinsi walivyokamatwa, jinsi walivyotembezwa mpaka pwani, na mwaka 1887 A. C. Madan alichapisha habari zao katika kitabu. Mwenye nusu siku zaidi na aende Mbweni. Hakuna wachuuzi huko wala msongamano.

Na jambo hili latuhusu sisi sote tusomao maneno haya. Watoto wale walitoka katika makabila mengi, kila mmoja na lugha yake, na lugha waliyofundishana ni Kiswahili cha Unguja. Steere alikiandika, akatoa kitabu cha sarufi mwaka 1870. Madan akaendelea na kamusi. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika ya Mashariki. Hivyo mtoto wa kijijini afunguaye kitabu chake cha shule leo ana deni kwa watu wa barazani waliosema lugha hii kwa ufasaha, na kwa watoto wale waliopoteza lugha za mama zao wakaipata hii.

Usipoziba ufa

Tulisema mwanzoni kwamba matembezi haya yasiahirishwe. Sababu ni hii. Nyumba ya chokaa na boriti ni nyumba hai. Yataka kuangaliwa kila mwaka. Adui yake ni maji. Paa likivuja, maji huingia katika vichwa vya boriti vilivyomo ukutani, boriti huoza, sakafu huachana na kuta, na ukuta ulioachwa peke yake huanza kutoa tumbo. Watu wengine hutengeneza kwa saruji, wakidhani kwamba kilicho kigumu ndicho chema. Lakini ukuta wa chokaa hupumua. Saruji huufunga, unyevu hukaa ndani, na ukuta huoza kwa siri nyuma ya lipu nzuri. Hapo ugumu ndio unaoua.

Baada ya mwaka 1964 nyumba nyingi ziliingia katika mikono ya serikali, na jamaa maskini wakapewa vyumba. Walipata makao, nalo ni jambo jema, lakini wengi hawakuwa na fedha za chokaa na boriti, na nyumba moja yenye jamaa kumi haikuwa na mwenyewe wa kupanda juu kuziba paa. Mwaka 1985 iliundwa mamlaka ya kuuhifadhi Mji Mkongwe, na mwaka 2000 mji uliandikwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Hata hivyo, siku ya Krismasi ya mwaka 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ilianguka wakati mafundi walipokuwa wakiitengeneza, na watu wawili wakafa. Ikiwa jumba kubwa kuliko yote, lililotazamwa na dunia nzima, liliweza kuanguka mchana, je, nyumba isiyo na jina katika kichochoro cha Kiponda au Sokomuhogo itapona kwa lipi? Wazee wetu walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Katika mji huu maneno hayo si mithali tu, ni habari ya kazi.

Basi mtu wa kijijini afanye nini, asiye na fedha za kujenga mji wa watu? Anaweza mambo matatu. Kwanza, aendapo, aende na daftari, aandike jina la mtaa, umbo la mlango, na maneno ya mzee aliyemsimulia, kwa kuwa kilichoandikwa hakianguki na ukuta. Pili, fedha kidogo alizo nazo azitumie kwa mpishi wa mtaani na fundi wa mbao wa kichochoroni, maana mji hudumu wakaao ndani yake wakipata riziki. Tatu, arudipo kwao, atazame kwa macho yale yale msikiti wa kale, kanisa la kwanza, kisima au njia ya misafara iliyo karibu na kijiji chake, aulize wazee wangali hai. Kila nchi ina pembe zake zisizopitwa na wageni, na nyingi zina nyufa tayari.